Kiti cha Baba Mkwe na Fomu ya Ushuru

Jamani, leo nimeaibika hadi sijui pa kuuweka uso. Naandika haya nikiwa nimejifungia jikoni. Moshi unanitoa machozi, na naushukuru, kwa sababu anayepita atadhani ni wenyewe unaoniliza. Msiniulize kama niko salama. Mwili uko salama. Heshima ndiyo imevunjika miguu yote miwili.

Kwa wale msionijua vizuri: mimi ni msichana wa Butula, nimeolewa huku juu karibu na Malaba, kwa Wateso. Ndoa bado changa. Sufuria zangu za harusi zingine bado zina stika. Na mke mgeni hupimwa. Hupimwa kwa ugali, hupimwa kwa namna anavyofagia, hupimwa hata kwa anavyocheka. Mimi nilikuwa nimefaulu karibu yote. (Nasema nilikuwa.)

Sasa kuna sheria moja ambayo kwetu ipo na huku ipo, tena huku ndiyo kali. Baba mkwe humpi mkono. Humkaribii akila. Hukalii kiti chake, hata kama amesafiri, hata kama kiti chenyewe kimetolewa nje kupigwa jua. Na jina lake hulitaji! Hata ukiota ndoto, ota bila majina.

Mimi namwita Papa, kama baba anavyoitwa huku, na mama mkwe namwita Toto, yaani mama kwa Kiteso. Papa akitaka kuniambia kitu, anamwambia Toto, halafu Toto ananiambia mimi. Hata kama sote watatu tuko uani. "Mwambie huyo msichana chai ilikuwa nzuri." Nami nimesikia kabisa, lakini nangoja Toto anigeukie aniambie chai ilikuwa nzuri. "Mwambie Papa asante." Naye Papa anangoja. Ni mpango mzuri sana. Hauna ugomvi. Tungeishi hivyo hadi uzeeni kama si ushuru.

Papa ana vyumba vyake mjini Malaba ambavyo madereva wa malori hupanga. Kwa hivyo kila mwaka lazima ajaze fomu ya ushuru kwenye mtandao, na kila mwaka hupanga foleni saiba, kwenye duka la kompyuta, hadi anarudi amekonda. Wiki iliyopita, Papa akila mezani, mimi na Toto tukila mkekani karibu na mlango, redio ikatangaza kwamba siku zinaisha. Papa akaanza kumlalamikia Toto. Hapo mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Toto, mwambie Papa asijisumbue. Kompyuta ninayo na kazi yenyewe naijua. Hiyo ni kitu ya dakika kumi."

(Dakika kumi! Nikifa, yaandikeni hayo kwenye msalaba.)

Toto akapeleka ujumbe umbali wa hatua tatu. Papa akatafuna kwanza, akameza, kisha akasema: "Mwambie ndiyo maana tulitoa ng'ombe mpaka Butula."

Sikulala kwa furaha. Niseme ukweli, tangu nije hapa nimekuwa "msichana wa Butula" tu. Ninalotaka ni siku moja Papa aniite binti wa hapa. Sasa mlango huo hapo umefunguliwa, na ufunguo ni fomu ya ushuru. Ningekuwa na akili ningeijaza usiku uleule. Lakini mimi ni Mkenya. Nikangoja hadi siku ya mwisho, ambayo ni leo.

Asubuhi Papa alienda kwa jirani kwenye kikao cha matanga. Simu yake na kitambulisho akamwachia Toto, Toto akaniachia mimi, maana mtandao wa ushuru hutuma namba ya siri kwenye simu ya mwenyewe. Kisha Toto akaenda sokoni. Mume wangu Ignas yuko kazini mpakani, anashughulikia karatasi za malori. Nyumbani nikabaki peke yangu. Nikasema, leo ni mimi na serikali.

Tatizo la kwanza: boma letu liko kwenye mteremko unaotazama mto, na ng'ambo ya mto ni Uganda. Simu ya Papa ikishikwa vibaya tu, inavuka. "Karibu Uganda." Nikaenda jikoni, karibu Uganda. Nikaenda nyumbani kwangu, karibu Uganda. Chini ya kamba ya nguo nikapata Kenya kidogo, upepo ukavuma, karibu Uganda. Hiyo simu imeenda ng'ambo mara nyingi kuliko ukoo wangu wote.

Nikampigia Ignas kwa simu yangu.

"Jaribu kwa nyumba ya mzee," akasema. "Ile kona ya dirisha. Hapo Kenya huwa inashika."

"Kona ya dirisha si ndiyo kiti ya Papa iko?"

"Si usimame tu hapo kando, babe. Niko na lori hapa, bye."

Ni rahisi kusema. Kiti chenyewe ni cha mvule, kina mikono mipana, kina kitambaa cheupe ambacho Toto alikifuma mwenyewe, na kimeijaza kona yote. Kinaelekea dirishani, kimeupa mlango mgongo, kwa sababu Papa hupenda kutazama barabara. Nilijaribu kukisukuma. Hakikusogea hata kidogo. Nikaleta kigoda nikakiweka kando yake. Nikikaa kwenye kigoda, Uganda. Nikisimama nyuma ya kiti, Uganda. Nikiinama mbele ya kiti kama mtu anayesalimia askofu, Kenya! Tena Kenya yote, vijiti vyote vimejaa.

Basi nikaanza kazi nimeinama. Simu ya Papa dirishani, kompyuta juu ya mkono wa kushoto, naandika kwa kidole kimoja cha kulia.

Hiyo fomu, jamani. Kwanza haijazwi hapohapo mtandaoni. Unaishusha, unaijaza, halafu unaiambia ijikague yenyewe, na ikijikagua inakuta makosa ambayo ni yako, si yake. Visanduku vinakuwa vyekundu. Nikaandika tarehe kama ilivyo kwenye kitambulisho. Nyekundu. Nikaweka mistari katikati. Nyekundu. Nikailaza mistari. Ikakubali tarehe, ikakataa wilaya. Nikairekebisha wilaya, ikaikataa tena tarehe ileile! Nilipomaliza kuibembeleza nikarudi mtandaoni kuipandisha, ukurasa ukaniambia muda wangu umeisha, niingie upya. Kuingia upya kuna hesabu ya kutoa, eti wajue kama wewe ni mtu. Mgongo unaniuma, na serikali inauliza kama mimi ni mtu. Nikakosea hesabu. Nikakosea nywila. Nikaikosea tena, na tena. "Akaunti imefungwa. Piga simu huduma kwa wateja."

Hapo ndipo nilipokaa.

Sikukaa kabisa! Nilikaa ukingoni, tako moja, kwa adabu. Nikajiambia hii si kukaa, hii ni kuegemea. Nikapiga ile namba kwa simu ya Papa. Muziki ukapigwa. Muziki ukarudiwa. Kufikia wakati huo matako yote mawili yalikuwa yamefika. Muziki ukarudiwa tena, nami nikaegemea mgongo. Nyie, kile kiti ni kizuri! Sasa najua kwa nini Papa hasikii akiitwa. Miguu ikatafuta mahali, ikakiona kile kigoda, ikapanda. (Naandika hii sentensi nikiwa nimeziba uso kwa mkono mmoja.)

Mvua ikaanza. Mvua ya hapa haikuombi ruhusa. Ikapiga mabati hadi nikawa sisikii muziki, nikaweka simu kwenye spika na sauti nikapandisha mpaka mwisho. Mlango wa mbele nyuma yangu ulikuwa wazi. Sikufikiria kuufunga. Nani angekuja na mvua ile?

Kijana wa huduma kwa wateja akapokea. Kiswahili chake laini, cha huko pwani.

"Nikusaidie vipi, dada?"

Nikamweleza.

"Usijali, tutaifungua. Nitajie majina kamili ya mlipa ushuru, kama yalivyo kwenye kitambulisho."

Nikakigeuza kitambulisho kifudifudi.

"Dada?"

"Ni baba mkwe wangu."

"Sawa. Anaitwaje?"

"Papa."

"Papa nani?"

"Kaka, nikusomee namba ya kitambulisho. Hiyo naweza."

"Namba nitakuuliza baadaye. Kwanza majina, yote matatu."

Nikatazama kulia. Nikatazama kushoto. Nyuma sikutazama. Nikakaribia simu nikayanong'ona.

"Sikusikii, dada. Kuna mvua huko? Pandisha sauti."

Nikasema kwa sauti ya kanisani.

"La kwanza nimelipata. La pili?"

Nikalisema kwa sauti ya sokoni. Akalisikia vingine kabisa. Ni jina la Kiteso, na huyo kijana hajawahi kufika huku. Nikalirudia. Akakosea. Mvua ikaongezeka. Basi nikavuta pumzi nikayatoa yote matatu, kwa nguvu zangu zote, kama mtu anayeita ng'ombe aliyeingia shamba la jirani. (Majina yenyewe siyaandiki hapa. Kwa leo nimeyatumia ya kutosha.)

"Narudia, la mwisho tafadhali?"

Nikarudia! Dhambi ngumu ni ile ya kwanza. Baada ya hapo mtu huzoea. Nilikuwa nalitupa jina la baba mkwe wangu dirishani mara kwa mara, miguu juu ya kigoda chake, na ninaungama kwamba nilianza kusikia raha.

"Safi. Na hii nywila iliyosumbua, aliiweka nani?"

"Mwenyewe! Na ni ngumu kama yeye mwenyewe!"

Kijana akacheka. Nami nikacheka. Nikapiga mkono wa kiti kabisa.

"Haya, dada, kuna swali la mwisho, ila lazima alijibu mlipa ushuru kwa mdomo wake. Yuko karibu?"

"Wapi! Ameenda matanga. Na yeye akienda matanga harudi mpaka aone sufuria imeoshwa!"

Mvua nayo, kwa uchawi wake, ikapungua ghafla. Na katika kile kimya nikasikia mtu akikohoa nyuma yangu. Kikohozi kile nakijua. Huwa nakisikia kila alfajiri.

"Katekista," sauti ikasema polepole. "Mwambie yuko. Mwambie yuko hapa nje, ananyeshewa."

Nikageuza shingo. Mlangoni, kwenye ile veranda nyembamba, walikuwa wamejipanga wazee wa kikao cha matanga, wamelowa. Mvua ilikuwa imewafukuza kwa jirani wakakimbilia kwetu. Katekista wa kanisa letu mbele, kofia kifuani kama amesimama kaburini. Na Papa nyuma yao, mahali maji ya mabati yanapodondokea, anatazama pembeni kwenye migomba ili asinione. Hakuweza kuingia. Angeingiaje nyumbani kwake, mke wa mwanawe yuko kwenye kiti chake analiita jina lake?

"Dada," Katekista akaniambia kwa uso mkavu, "mzee anasema yuko."

"Ooh, yuko? Vizuri sana!" simu ikapiga kelele. "Mpe aongee!"

Nilishuka kile kiti sijui vipi. Nyumba ina milango miwili. Mmoja una wazee. Mwingine unaenda chumba cha kulala cha Papa na Toto, na huko heri ningetembea mtoni nikahamia Uganda moja kwa moja. Kwa hivyo nikapiga magoti nyuma ya sofa. Naam. Mtu mzima, mwenye cheti cha kompyuta, nyuma ya sofa.

"Halo? Dada? Uko hewani?"

Katekista akaingia, akachukua simu dirishani, akampelekea Papa veranda. Nikasikia Papa akisema, "Halo." Kisha mlio. Kisha kimya.

"Inasema karibu Uganda," Papa akasema.

Wazee wakaguna. Nami huko nyuma ya sofa nilijua jibu na sikuwa na mtu wa kumwambia. Bahati Toto akatokea, ametoka sokoni, gunia kichwani dhidi ya mvua. Akawatazama wazee. Akatazama kiti, kitambaa chake kimekunjika na kushuka. Akaona kisigino changu nyuma ya sofa. Hakuuliza. Mwanamke mwenye akili haulizi.

"Toto," nikanong'ona, "mwambie Papa network inashika hapo dirishani tu. Na internet ya kompyuta inatoka kwa hiyo simu."

Toto akamwambia Katekista. Katekista akamwambia Papa. Na hivi ndivyo ilivyokuwa: Papa akazunguka nyumba, akasimama nje ya dirisha kwenye matope, mwavuli wa Katekista juu ya kichwa, akapiga tena ile namba. Muziki wote ukarudiwa. Mimi nikatambaa na kompyuta hadi chini ya dirisha, pazia katikati yetu, nisimwone wala asinione. Papa akajibu maswali yake kwa sauti ya jeshini. Akaunti ikafunguliwa. Nikaipandisha fomu. Ikajikagua. Kwa mara ya kwanza leo hakikutokea kisanduku chekundu. Kikabaki kitu kimoja, ile namba ya siri.

Ikaingia kwenye simu. Papa akamsomea Katekista. Katekista akazunguka hadi mlangoni akamsomea Toto. Toto akaja akanisomea mimi. Nikaandika. Muda umeisha.

Nikaomba nyingine. Papa kwa Katekista, Katekista kwa Toto. Toto akasahau ya katikati, akarudi kuuliza. Muda umeisha.

"Ikikataa hii," nikamwambia Toto, "inafunga tena mpaka kesho. Na kesho kuna faini." Nikaanza kulia, na sikujificha. Nilimlilia Papa. Mtu alinipa jambo moja tu la kumfanyia.

Namba ya tatu ikaingia. Nikasikia mlio wake nje ya dirisha. Katekista akauliza, "Sema, mzee?" Papa hakumjibu. Pazia likatikisika. Kisha baba mkwe wangu, ambaye hajawahi kunielekezea hata kikohozi, akapaza sauti juu ya kichwa changu:

"Wewe! Andika! Nne! Sifuri! Saba! Saba! Moja! Tisa!"

Nikaandika. Ikakubali. "Fomu yako imepokelewa."

Hayo ndiyo maneno ya kwanza Papa kuniambia moja kwa moja tangu niolewe. Tarakimu sita. Nimezikariri, na najua hazitumiki tena.

Wazee wakapiga makofi, nami nikapitia katikati yao nimejifunika shuka hadi machoni, nikaja huku jikoni. Toto ameniletea hukumu sasa hivi. Kile kiti kimeshakaliwa na mke wa mwana, kwa hivyo Papa hawezi kukikalia tena mpaka mambo yatengenezwe kwa kuku. Kuku ninatoa mimi. Niliye naye ni mmoja, na anataga.

"Papa amekasirika sana?" nikamuuliza.

Toto akapepeta mchele kwanza.

"Anasema tangu mama yake azikwe, hakuna mtu amemuita hayo majina yote matatu. Na huyo mama alikuwa anaita hivyo hivyo, kwa nguvu, kama amechelewa kurudi. Anasema ile mvua ilimpata kwa sababu alisimama kusikiza."

Nikapuliza moto ambao haukuwa umezimika.

"Na ile ya sufuria ya matanga," Toto akaongeza, "hiyo anasema utailipia kivyake."

Kutoka hapa namwona. Mlipa ushuru mwaminifu, ameketi verandani juu ya mtungi wa maji uliopinduliwa, kwa sababu yangu, na wageni wake wote wana viti. Nawaomba msicheke. Na kama ni lazima mcheke, mwambieni Toto, yeye atanifikishia.